Kamba za Turubai

Modesta alikuwa amekwama kati ya kamba mbili. Ya katani ilikuwa imara lakini nzito kubeba. Ya nailoni, nyembamba kama utambi, ilikuwa nyepesi, ila alihofu fundo la kukaza na kulegeza lingeteleza upepo wa ziwa ukianza.

Akaizungusha ile ya nailoni kwenye mguu wa meza ya duka, akapiga fundo, akavuta mpaka kidole kikauma. Fundo likashika.

“Chukua yoyote, mwanangu,” mzee mwenye duka akasema kwa upole. “Leo sikudai kitu. Poleni sana.”

“Pole ya nini, baba?”

“Si kamba za lile turubai la nyumbani kwenu?”

“Hapana. Ni la kambi ya vijana wa kanisa. Kesho tunavuka ziwa kwenda Kamanga.”

Hapo mtaani Mirongo mzee aliuza kamba na kukodisha maturubai, na familia yao aliifahamu miaka mingi.

“Kaka yako hajakupigia?”

“Amenipigia saa nne. Kasema nikimaliza shughuli zangu nipitie nyumbani, nisiharakishe.”

“Alikuwa hapa asubuhi. Kachukua turubai kubwa na viti hamsini.”

Modesta akatafuta akilini harusi, kipaimara, ubatizo, chochote cha kuhitaji viti hamsini. Hakukiona. Jana jioni tu aliongea na mama yake kwenye simu, wakacheka.

“Viti vya nini, baba?”

Mzee akazunguka meza, akabeba stuli yake mwenyewe, akaiweka nyuma ya Modesta.

“Kaa kwanza, mwanangu.”