Rimoti ya Wageni

"We Shatha, una wazimu? Hiyo ni ya wageni!"

Mume wangu alisimama mlangoni mwa sebule ya wageni, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Niliendelea kuichana kwa meno ile nailoni ya rimoti. Aliizungushia yeye mwenyewe, mara tatu, siku tuliponunua kiyoyozi. Kazi yangu ilikuwa kuifuta vumbi kila Alhamisi. Miaka minne nafuta vumbi la nailoni!

Basra ilikuwa inaungua kwa joto. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni na mimba yangu ya miezi minane, feni ikinipulizia moto usoni.

"Vitufe vitafutika, mwanamke! Wageni wakija je?"

Nailoni ikachanika. Ndani, vitufe viling'aa kama vimetoka dukani jana. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, mpaka nyuzijoto kumi na nane. Baridi ikanishukia shingoni.

Nikajitupa kwenye kochi la wageni, nikapandisha miguu yangu iliyovimba juu ya meza yao ya kioo.

"Wageni wameshafika," nikamwambia. "Wawili, mmoja yumo tumboni. Mbona hujatuletea chai?"