Somo la Shangazi Povu

Mwalimu wa Historia alikuwa amechutama chini ya meza ya ofisi ya walimu, maana ni hapo tu simu yake iliponasa mtandao.

"Umedondosha nini huko?" mwalimu mkuu akauliza.

"Natafuta somo la Sayansi."

Hakuwa anatania. Mwalimu wa Sayansi alikuwa amehama ghafla, na darasa la saba akaangushiwa yeye, mgeni wa miezi miwili ambaye hata kazini hajathibitishwa. Mfalme yupi alipinduliwa mwaka gani, hayo alikuwa nayo kichwani. Lakini asidi na besi? Patupu.

Mtandaoni alikutana na vituko. Tovuti ya kwanza ilitaka maabara ya kurushia roketi. Ya pili, nadhani hata aliyeiandika hakuielewa. Ya tatu ilianza vizuri na sayari, ilipofika Zohali ikaanza kumuuzia mawigi.

Ndipo akaziangukia video za Shangazi Povu.

Hazikuwa na sura wala sauti. Ilionekana mikono miwili tu, ndani ya glavu za waridi za kuoshea vyombo, na chini yake maandishi yaliyojaa utani. Bizari ya manjano ikaguswa na sabuni, ikawa nyekundu. Yai la kuchemsha likajipenyeza lenyewe ndani ya chupa. Vifaa vyote vilikuwa vya jikoni! Mwalimu alicheka mpaka akagonga kichwa mezani.

Tangu siku hiyo darasa la saba halikushikika. Kengele ya mapumziko ililia, watoto wakajifanya viziwi. Na kila alipokwama, mwalimu alimwandikia Shangazi Povu, akajibiwa papo hapo, kama anayeongea na ndugu wa damu.

Alhamisi mwalimu mkuu akamwita pembeni.

"Jumatatu mkaguzi anaingia kwenye kipindi chako. Akiandika vibaya, mwenzangu, kuthibitishwa sahau."

Mwalimu akarudi chini ya meza mbio.

"Shangazi, niokoe!" akaandika. "Naletewa mkaguzi. Wanasema hajacheka tangu azaliwe. Eti hata kivuli chake kimenuna!"

Siku hiyo jibu lilichelewa kidogo.

"Usimwogope, mwanangu. Fanya volkano." Maelekezo yakafuata, hatua kwa hatua.

Jumatatu mkaguzi akafika. Bwana mrefu, suti ya kijivu, tai imemkaba koo. Aliwekewa kiti nyuma ya darasa. Akakibeba mwenyewe, akakaa mbele kabisa, daftari mapajani.

Mlima wa udongo ulikuwa tayari mezani, chupa imefichwa tumboni mwake, ndani mna magadi, sabuni ya maji na rangi nyekundu. Kilichobaki ni siki. Mwalimu aliangalia kipimo alichoandikiwa, akamtazama mkaguzi. Je, povu likitoka kiduchu? Akaona bora aongeze. Akaongeza sana.

"Haya, hesabuni!"

"Tatu! Mbili! Moja!"

Volkano ilikohoa mara moja, halafu ikafumuka. Povu jekundu liliruka, likavuka meza, likatua usoni na kifuani mwa mkaguzi. Darasa zima likalipuka kwa shangwe, watoto wakaruka juu ya madawati, "Mwalimu, tena! Tena!" Kisha wakaiona ile tai, wakanywea mmoja mmoja.

Mlangoni, mwalimu mkuu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mkaguzi alisimama pole pole. Akavua miwani, akaifuta povu, akaivaa tena. Akausogelea mlima, akachungulia ndani ya chupa, akanusa. Halafu akamwinamia mwalimu sikioni, mabega yakimtikisika.

"Mwanangu," akanong'ona, "si nilikuandikia vijiko viwili? Wewe umetia vikombe!"