Ulimi wa Odilia

Odilia alionja mchuzi wa kamba na bamia, akahisi joto lake tu. Akatia chumvi, akaonja tena, asipate ladha yoyote. Akatia chumvi nyingine.

Ukumbini wageni walikuwa wamejaa, wengine wameshika kitabu chake cha mapishi ya Kikrioli wakisubiri awatilie saini. Mkahawa aliurithi kwa mama yake, na hakuna chungu kilichotoka jikoni kabla yeye hajakionja.

“Mama, chumvi unaitia tena?” binti yake Klemensia aliuliza kwa sauti ya chini. “Unaumwa?”

Odilia akachota tena kwa haraka, mchuzi ukammwagikia kifuani. Miaka yote alimruhusu binti huyu kumenya vitunguu tu. Sasa akamkabidhi upawa.

“Onja wewe. Ulimi wangu umekufa tangu asubuhi. Usimwambie mtu.”

Klemensia akaonja, akafumba macho.  Alipoyafumbua akaongeza maji chunguni kupunguza chumvi, akakata ndimu, akaanza kuikamulia. Odilia akanyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha taratibu, akabaki anatazama matone ya ndimu yakidondokea mchuzini.