Mashine Isiyoisha

Arakaza alikaza skurubu ya mwisho, akaifungua tena, akachungulia ndani ya lile sanduku la chuma, akatikisa kichwa.

“Bado, Baba. Haiwezi kuwaka bila karti ya picha.”

“Na hiyo karti iko wapi?”

“Iko Bujumbura. Mambo ya mpaka munayajua mwenyewe.”

Mzee Jean-Berchmans alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, miguu ameinyoosha. Miguu hiyo ilikanyaga klachi ya malori miaka mingi, barabara ya Bukavu, panda shuka, mpaka magoti yakakataa. Kila asubuhi binti yake aliyakanda kwa mawese ya moto kabla ya kugusa kazi nyingine yoyote.

Mahari ya Arakaza ilikuwa imeshapokelewa. Bruno, fundi wa pikipiki wa Luvungi, kijana mwenye adabu, alingoja tu siku ya kumchukua. Lakini Arakaza aliweka sharti, na wakwe wakalikubali: kwanza amwachie baba yake kitu cha kumlisha. Ndiyo hiyo mashine, kompyuta ya michezo. Chumba cha mbele kingekuwa cha gemu, vijana wa mtaa wa Songo wangekuja kulipia mpira wa kwenye skrini, na mzee angekusanya chake akiwa amekaa. Siku mashine inaisha, ndiyo siku Bruno anakuja.

“Kwa nini tusinunue ile ya tayari?” mzee aliuliza. “Itangishaka iko nayo pale dukani, mpya, ndani ya kartoni. Unachomeka, inawaka.”

“Ile ya tayari! Baba, mulikuwa shofa. Munaweza kununua lori bila kufungua boneti? Mule ndani wanawekaga vitu vya bure bure, mwezi mmoja vimeungua. Hii ya kujiunganishia, kila kifaa ninakijua. Kikikufa kimoja, munabadilisha kimoja.”

“Minye ninataka weye uende kwako, mutoto. Bruno atazeeka.”

“Azeeke kidogo, apate akili.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini kicheko hakikumtoa wasiwasi. Jioni alimwona binti yake akiosha sahani, kisha akisimama mlangoni anatazama barabara, mikono inachuruzika maji. Mzee alikuwa amelala kwenye maegesho mengi na abiria wengi. Aliujua uso wa mtu ambaye safari yake imezuiliwa.

Mpaka wa Burundi ulipofungwa tena, Songo yote ilinung'unika. Wenye maduka walitukana, wauza nyanya walilia. Arakaza peke yake aliimba jikoni.

“Mutoto huyu ana subira,” mzee alijiambia. “Na minye ninaila bure.”

Basi akafanya alichofanya. Alikuwa na shamba Runingu, lile alilolima marehemu mke wake, muhogo wake hata sasa watu wanausifu. Akaliuza kwa jirani wa shamba. Akampigia simu baba yake Bruno, akamwambia waje. Kesho yake Itangishaka akaleta kartoni kubwa juu ya pikipiki, ameifunga kwa mipira kama mbuzi wa sikukuu.

Arakaza alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliitazama ile kartoni muda mrefu.

“Baba, mumefanya nini?”

“Nimekufungulia barabara, mama. Wakwe wanakuja Jumamosi. Usisumbuke tena na karti ya Bujumbura.”

Alipiga magoti, akaweka paji la uso juu ya magoti ya baba yake. Mzee akampapasa kichwa. Alijua furaha nayo hupigisha mtu magoti.

Jumamosi wakwe walikuja na nyimbo zao. Sasa, kwetu huko, msichana anayeondoka bila machozi ameitukana nyumba iliyomlea. Watu watasema alikuwa na haraka ya kutoka. Ndiyo maana mashangazi huwabana wasichana wao mapema, wawafundishe kulia. Arakaza hakuhitaji kufundishwa. Alilia kutoka kitandani mpaka chumba cha mbele. Pale mlangoni alishika mwimo, akakataa kuuachia, mpaka shangazi yake Pudentienne akambandua vidole kimoja kimoja. Wanawake wakapiga vigelegele.

“Huyu ndiye analia kama inavyotakiwa!” Pudentienne alisema huku akihema. “Wasichana wa siku hizi wanalia na jicho moja, lingine liko kwenye simu.”

Gari likaondoka. Mzee alijipangusa uso kwa kofia. Moyo ulimuuma, lakini alijivuna pia: mtoto wake alikuwa ameiheshimu nyumba mbele za watu.

Saa za alasiri, Honorine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimletea bugali na ndagala. Alimkuta peke yake katika chumba cha mbele. Kartoni ilikuwa haijafunguliwa.

“Nisaidie kuchomoa hii ya zamani, jirani,” mzee alisema. “Itangishaka aje achukue hivi vyuma. Haikuwaka hata siku moja, maskini, na vile aliihangaikia.”

“Haikuwaka?”

Honorine alimtazama, akaitazama mashine. Akanyoosha kidole, akabonyeza.

Taa ya buluu ikajitokeza. Feni zikavuma. Kwenye skrini uwanja mzima wa mpira ukalipuka kwa kelele, wachezaji wamejipanga, wanangoja filimbi.

“Iko inawaka tangu Noeli, mzee. Mukiendaga misa, ndiyo alikuwa anaijaribu, minye ninasikia goli kwenye ukuta.” Honorine aliweka sahani chini polepole. “Aliniapisha nisiseme. Alisema, Baba akijua imeisha, atanitoa hapa, na minye sitaki kutoka.”