Jina la Mgeni wa Serikali

Ati rais wa ile nchi rafiki anakuja Kitale Jumamosi, na ati akirudi kwao atapewa zawadi ya ng'ombe wawili wa maziwa na vijana watatu waliomtukana mtandaoni.

Dinah aliisikia Bungoma mjini, kwa Khairunisa anayeuza leso karibu na msikiti. Alipofika kwake Bumula habari ilikuwa bado inamfuata. Alitia chumvi kwenye chai. Alimfunga ng'ombe akasahau kumkamua. Kwa maana mmoja wa waliotukana alikuwa mwanawe.

Mukhwana hutengeneza simu Kitale. Wiki moja nyuma aliandika kwenye Fesibuku: "Huyu mzee hata akizikwa ataomba kipindi cha pili kaburini." Watu elfu tatu walicheka. Mama mwenye mtoto asiyefunga mdomo anajua kwamba hao elfu tatu hakuna hata mmoja atakayeenda kumtoa seli.

Si kwamba nchi hizi mbili zilikuwa na ubaya. Zilipendana kupita kiasi. Sisi tulipotaka kiti cha umoja wa kanda, wao walitupigia kura. Rais wao Gambalesi alipotaka kipindi cha tano, serikali yetu ilitangaza kwamba uchaguzi wake ulikuwa huru na wa haki. Ilitangaza siku mbili kabla watu hawajapiga kura. Marafiki wa namna hiyo hawanyimani kitu. Ndio watanyimana fundi mmoja wa simu?

Dinah akapiga simu Kitale.

"Futa hayo maneno."

"Nilishafuta, mathe. Lakini watu walikuwa wameyapiga picha."

"Basi kuja nyumbani."

"Bana, hao wakubwa hata hawanijui."

"Askari hahitaji kukujua. Anahitaji kukuona tu."

Asubuhi yake akaenda kwa Chifu Wakoli, ambaye ndiye huandika watoto wanaozaliwa nyumbani. Ivy, mkewe Mukhwana, alikuwa amejifungulia kwa Dinah wiki tatu zilizopita, mtoto wa kiume. Dinah hakwenda kumwandikisha. Alikwenda kulia.

Chifu alimwacha alie, kisha akauliza, "Mama Mukhwana, mambo ya nchi za nje mimi yananipita. Lakini huyo mjukuu ana jina?"

"Bado."

"Si basi? Mgeni mkubwa akija, hapa kwetu mtoto hupata jina. Mwiteni Gambalesi. Nani atamshika baba yake Gambalesi?"

Hilo Dinah alilielewa mara moja. Bumula imejaa watoto wenye majina ya mawaziri, na kuna msichana anaitwa Lami kwa sababu alizaliwa siku barabara ilipowekwa lami.

Ivy ndiye aliyekataa. "Gambalesi? Mama, si hiyo ni kama dawa ya kupe!"

"Afadhali aitwe dawa ya kupe kuliko akue bila baba."

Mukhwana alifika jioni amenuna. Chifu alikuja mwenyewe na simu yake kurekodi. Dinah alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi ya daftari, akaishika juu mwanawe asome huku amembeba mtoto.

"Nilikosea," Mukhwana alisoma. "Rais Gambalesi ni baba yangu. Ndiyo maana nimempa mwanangu jina lake. Atawale mpaka huyu mtoto awe babu."

"Sema na furaha," Dinah akamwambia.

"Mathe, hii ndiyo furaha yote niko nayo."

Walirudia mara nne. Chifu akaituma, na kufikia Jumatano video ilikuwa Nairobi. Mkubwa fulani wa mambo ya nje alipiga simu, akasema mgeni mwenyewe ameiona na ametokwa na machozi. Ati kijana huyu ni mfano wa ujirani mwema. Siku ya Jumamosi atakaa jukwaani Kitale, mstari wa pili, nyuma ya mabalozi.

Dinah alikula ugali akashiba kwa mara ya kwanza tangu ile habari. Khairunisa alimletea leso mpya bila kuuliza pesa.

"Umeweza, dada! Mimi wangu ningemficha kwa tangi la maji."

"Mtoto hafichwi," Dinah akasema, sasa ana maringo kidogo. "Anawekwa karibu na wakubwa."

Ijumaa saa sita mchana alimwacha Mukhwana nyumbani akipiga pasi suruali, akaenda kwa chifu kuuliza mama wa mtu kama huyo huvaa nini. Watu walikuwa wamejaa mbele ya ubao wa matangazo. Walipomwona walimpisha njia, wote, na hakuna aliyemsalimia. Dirisha la chifu lilifungwa kutoka ndani.

Dinah aliachia shule darasa la sita. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno.

ONYO KWA WANANCHI WOTE

Kwa heshima ya urafiki wetu wa jadi na Jenerali aliyechukua uongozi wa nchi rafiki jana asubuhi, na ambaye anafika Kitale kesho saa ileile, epukeni haya:

1. Kuonekana na picha ya Gambalesi.

2. Kusema kwamba tuliwahi kumpongeza.

3. Kuita mtoto jina hilo.

4. Kumlisha au kumficha Mukhwana wa hapa Bumula, anayejiita mwana wa Gambalesi.