Nyumba Ndani ya Miwani

Julieth alinyoosha mkono wa kushoto hewani, akachuma nyanya ambayo hakuna mwingine chumbani aliyeiona.

"Weka kapuni," alisema Octavian, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. "Taratibu. Usiiponde."

Mtoto, miwani kubwa nyeusi ikiwa imemfunika nusu ya uso, alishusha mkono na kufumbua vidole kimoja kimoja. Kwenye skrini ya kompyuta Doto aliiona nyanya ikitua kapuni. Akageukia dirishani, akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

Mkono ule ulikuwa umelala tangu ajali. Lori liliigonga bodaboda nje kidogo ya Kaliua, na kati ya waliokuwa juu yake ni Julieth tu aliyefikishwa Tabora akiwa hai, kichwa kimevimba, hasikii, hasemi. Wengine walizikwa wiki ileile. Doto hakwenda kuzika. Hakukuwa na mwingine wa kukaa na mtoto; baba yake alikuwa migodini Chunya, simu haipatikani.

Siku alipofumbua macho, Julieth alimtazama Doto muda mrefu, midomo ikihangaika. Kisha ikatoka sauti nyembamba: "Mama."

Muuguzi akamshukuru Mungu. Doto akaitika.

Walipotoka hospitali wakakaa mtaa wa Ng'ambo, humohumo Tabora, kwenye chumba alichopanga Doto, cherehani upande huu, godoro upande ule. Asubuhi alimpakia Julieth kwenye bajaji na kumpeleka kituo cha mazoezi. Octavian alimweleza kwamba ubongo wa mtoto ukiumia unaweza kufundishwa njia nyingine, na kwamba ndani ya miwani ile, inayomwonyesha shamba lisilokuwepo, mtoto hurudia jambo moja mara nyingi bila kuchoka, kwa sababu anajua anacheza. Doto alielewa nusu. Alichokiona yeye ni Julieth akienda mahali asipoweza kumfuata, wala kumdaka akijikwaa.

Mkono ukaamka. Maneno nayo yakaanza kurudi: maji, uji, kuku, reli. Wakati wa kula Julieth alikuwa na tabia ya kumpapasa Doto shavu, palepale kila mara, akikunja uso kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Doto aliushika mkono ule na kuushikisha kijiko.

"Kumbukumbu ndiyo inayochelewa," Octavian alimwambia. "Lakini itakuja, Mama Julieth. Wewe usiogope."

Jumapili kanisani Doto alipiga magoti akaomba mtoto apone. Alipotaka kuinuka, akapiga magoti tena, akaomba asipone haraka. Akaona haya mbele ya Mungu, akatoka bila kumaliza sala.

Haikupita muda Julieth akasema mwenyewe kwamba nyumbani ni Kaliua, na treni hupita nyuma ya nyumba. Octavian alifurahi kama amezaliwa mtoto kwake. Akatoa kamera ndogo inayopiga picha pande zote kwa wakati mmoja. Akamwomba Doto aende nayo Kaliua, aisimamishe katika kila chumba, ili Julieth atembee nyumbani kwao ndani ya miwani kabla ya kurudi kwa miguu yake.

"Nyumbani bado," Doto alisema. "Tuendelee na nyanya."

Octavian akamjibu kwa upole kwamba wazazi wengi huiogopa hatua hiyo, ila mtoto hawezi kuchuma nyanya za hewani maisha yake yote. Doto akamfuata hadi mlangoni, akitaka kumwambia jambo. Lakini Julieth alikuwa amemshika kidole, anasikiliza.

Akaenda. Akaifungua nyumba iliyofungwa tangu ajali, akafagia, akapita chumba hadi chumba akiondoa picha za ukutani, kanga na vitu vingine ambavyo hakutaka mtoto avione, akavifunga ndani ya shuka na kuvisukuma uvunguni. Majirani wakaja kumpa pole. Akawapokea, akafanya kazi ya kamera, akarudi na basi la jioni.

Siku ya kuiangalia nyumba ile, Octavian alimvalisha Julieth miwani na kumsimamia nyuma asianguke. Doto alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Hakukuwa na kitu kingine cha kuifanyia.

"Mlango wetu," Julieth alisema. Akasogea. "Kuku wanalala hapa. Kigoda cha babu." Sauti yake ilikuwa inajaa kadiri alivyokwenda. Akataja sufuria, akataja ndoo iliyovunjika mshikio, akacheka peke yake. Octavian alimgeukia Doto, uso wote unang'aa.

Ndipo mtoto akafika chumba cha ndani, akasimama. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akakiangalia kitanda, akaangalia ukutani, akainama kuchungulia pembeni.

"Mama?"

"Nipo hapa," Doto akaitika, kama alivyozoea.

Julieth akaigeukia sauti. Kisha akaivua miwani mwenyewe, kwa mikono yote miwili, na Octavian akapiga makofi. Macho ya mtoto yalikuwa safi, hayatangatangi tena. Yakatua usoni pa Doto, kwenye shavu lile lisilo na alama, yakakaa hapo. Akatabasamu kwa adabu, kama mtoto anayempokea mgeni aliyemkumbuka vizuri.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema. "Mama yuko wapi?"