Mchungwa wa Alunguli

Jembe la Tambwe lilikata mzizi wa kwanza, na mkewe Mwanvua akafumba macho.

"Leo upande mmoja tu," Tambwe alimwambia citoyen Kalume, mkubwa wa zone, yaani wilaya, aliyesimama uani kwao Alunguli amevaa suti yake ya kijivu ya abakosi. "Mwezi ujao, upande wa pili. Mizizi midogo itaota karibu na shina. Tukiung'oa sasa, utakufa."

Kalume aliutaka mchungwa ule mbele ya ofisi ya Chama tawala, ng'ambo ya mto, kabla ya sikukuu ya Novemba. Katika mji mzima wa Kindu hakuwa ameona mwingine uliochanua vile. Tambwe, mtunza bustani wa zone, alikuwa amempelekea miche kumi mingine. Kalume aliikataa yote. Na miaka ile, aliyebishana na mkubwa alilala gerezani.

Siku ya kuuhamisha, vijana wa Chama walikuja na makoleo. Tambwe aliwazuia. Alichimba mwenyewe, tangu asubuhi hadi adhuhuri, mwishoni kwa mikono mitupu, akaenda chini zaidi kuliko mizizi.

"Udongo mwingi hivi wa nini?" Kalume aliuliza.

"Udongo wake wote uende naye," Mwanvua alijibu.

Alilifunga bonge la udongo kwa kitenge chake kipya. Wanaume wanane walilibeba hadi kwenye pirogi mtoni, na yeye akaketi kando yake, amelishika kwa mikono miwili mpaka ng'ambo.

Baada ya kuupanda, Tambwe alipunguza matawi, akafunika shina kwa majani makavu. Majani ya mti yalinyauka. Mwanvua hakukata tamaa: kila asubuhi alivuka mto Lualaba, akateka maji, akamwagilia kidogo kidogo, akakaa hapo mpaka jua kali. Wiki ya sita, machipukizi yalitokea. Tambwe alipoyaona aligeuka, akajifuta uso.

Sikukuu ilipofika, Kalume alimwita Mwanvua mbele ya watu, akamvisha kitambaa cha kijani, rangi ya Chama.

"Huyu mama hakukosa hata siku moja!" alitangaza. Kisha, makofi yakivuma, akamwinamia. "Mapendo haya yote kwa Chama, mama, umeyatoa wapi?"

Mwanvua aliutazama mchungwa.

"Citoyen, mutoto wetu wa kwanza tulimuzika chini ya ule muti," alisema polepole. "Mizizi ilikuwa imemushika. Tulishindwa kumutosha mule ndani."